Mvumo Chini ya Sauti ya Mama Tangazo

Niseme mapema: nilikuwa na hasira, bado ninayo, na atakayenijia na "hasira hasara" nitamwonyesha mlango. Mama amenipigia methali hiyo tangu sijajua kufunga kamba za viatu, na haijanisaidia kitu.

Mama yangu ndiye yule ambaye soko kuu lote lilimwita Mama Tangazo. Alikaa kwenye kibanda cha mbao juu ya ofisi ya soko, kipaza sauti mbele yake, na kila kilichopotea, kilichookotwa au kilichokatika kilipita kinywani mwake. Maji hayatatoka kesho, jazeni ndoo. Gari lililoziba mlango wa wauza vitunguu liondolewe, mwenyewe anajijua. Funguo zimeokotwa, na usije ukasema ni zako kama si zako, maana tutakuuliza zinafungua nini. Sauti yake haikuwa nyororo hata kidogo. Ilikwaruza, lakini wapagazi waliokuwa wameshikana mashati walinyamaza wakamsikiliza mpaka amalize, ndipo wakaendelea kupigana.

Hata mimi alishanitangaza. Nilikuwa mdogo, nikauchomoa mkono wangu mkononi mwake kwa sababu tulikuwa tumegombana, nikapotelea kwenye mabanda ya mitumba. Mzazi mwingine angepiga mayowe. Yeye alipanda kibandani akasema kwa sauti ileile ya maji kukatika: "Tangazo, tangazo. Amepotea mtoto wa kike. Amevaa gauni la njano na kiatu kimoja. Ana hasira. Atakayemwona asimshike mkono, atang'atwa. Amwonyeshe tu njia ya ofisini." Nililetwa na muuza ndoo, nikiwa nimeshamng'ata. Mama akanipakata, akabonyeza kitufe tena: "Mtoto amepatikana. Ahsanteni. Endeleeni na shughuli zenu." Soko zima likacheka. Mimi nilinuna mpaka jioni, kwa sababu nilitaka alie japo kidogo.

Sasa mwaka huu koo lake likaota uvimbe. Daktari alituita, akatueleza huku akichezea kalamu yake: hakuna njia nyingine, kisanduku cha sauti kitatolewa chote. Ataishi, atakula, atatembea, lakini hatasema tena. Siku ya upasuaji ni Ijumaa. Nikamuuliza kama hawawezi kumbakishia hata kidogo. "Kidogo cha nini?" akaniuliza, na kweli hakuelewa. Nilifunga mlango wake kwa nguvu hadi muuguzi wa nje akaruka.

Mama alikuwa ameshahamia kwangu tangu mwezi uliotangulia, ugonjwa ulipoanza kumwelemea. Wanaomjua wanajua sheria yake: katika nyumba yake hakuna kitu kinachokaa bure. Kopo la rangi likiisha linapandwa maua. Mwavuli uliovunjika unafunika matangi. Mgeni akikaa sana analetewa mchele achambue. Aliposhuka kwenye teksi alisimama akaukagua ua wangu, na siku hiyohiyo akaanza kuugawia kazi. Lango lililokuwa likining'inia likafungwa bawaba kwa waya. Kamba ya nguo, iliyokuwa imelegea hadi mashuka yanafagia vumbi, ikainuka. Nikamwambia, "Mama, wewe ni mgonjwa, pumzika." Akasema, "Mgonjwa ni koo. Mikono imefanya kosa gani?" Nikamwacha. Kumshinda mama kwa maneno sijawahi.

Kazi yangu mimi ni kusoma. Nasoma vitabu vya shule kwa sauti, narekodi, na wanafunzi wasioona wanasikiliza. Chumba cha kazi ni kile kidogo cha nyuma: meza, kompyuta, maikrofoni kwenye mkono wa chuma, na magodoro kuukuu yaliyosimamishwa ukutani ili yameze mwangwi. Wiki kadhaa nilikuwa sijaingia humo kwa sababu ya kuhangaika na hospitali. Lakini tulipotoka kwa daktari sikuhitaji kushauriana na mtu. Nilisema mama atakaa kwenye kile kiti, atasema, nami nitaibakisha ile sauti. Wao wachukue nyama yao.

Jumatatu asubuhi nikamkalisha.

"Niseme nini?" akauliza.

"Matangazo yako. Habari za soko. Chochote."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu."

Akanitazama kidogo. "Haya. Lakini ujue, mwanangu, sauti iliyobaki si ya kuchezea. Asubuhi ipo, jua likipanda imekwisha."

Nikavaa hedifoni, nikabonyeza. "Tangazo, tangazo," akaanza, na chini ya sauti yake nikasikia: mmmmmmm. Mvumo mzito, wa chini, usiopumua. Nikamsimamisha. Nikazima feni. "Sema tena, mama." Mmmmmmm. Nikazima friji, nikazima taa, nikaipeleka simu jikoni, nikabadilisha waya wa maikrofoni, nikahamisha plagi kutoka soketi hii kwenda ile. Kila mara nilimwambia, "Sema tena, mama," naye akasema tena, na mvumo ukawa palepale. Kufika saa nne sauti yake ilikuwa imechakaa, na sikuwa na sentensi moja ya kuweka akiba.

Nikampigia kaka yangu. Tunamwita Profesa, kwa sababu hakuna asilolijua na hakuna alilowahi kulifanya.

"Hiyo ni maiki, mdogo wangu. Tupa, tafuta nyingine."

"Maiki hiihii ilikuwa nzima kabla mama hajaja."

"Basi ni unyevu."

"Unyevu unavuma?"

"Basi ni wewe. Una presha, masikio yanalia."

Nikamkatia simu. Akapiga tena kuniambia nisimkatie simu, nikamkatia tena.

Ndipo nikakumbuka jirani. Mwezi uleule alioingia mama, nyuma ya ukuta wangu palifunguliwa karakana ya kuchomelea vyuma. Mwenyewe ni baba mmoja mnene, mpole, mtaa unamwita Cheche. Ala! Nani mwingine? Nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia ukutani.

"Jirani! Zima hayo mamashine yako!"

Akainua kinyago chake. "Kuna nini?"

"Kuna wewe! Namrekodi mama yangu, Ijumaa anatolewa sauti, na wewe unanivumia!"

"Mama Tangazo?" Akaweka chini vifaa vyote. "Yule mama aliitangaza baiskeli yangu ikarudi na kengele yake. Kwa ajili yake nazima sasa hivi, hata wateja wakinuna." Akazima kweli, akakaa kwenye kibao mikono mapajani. Nikakimbia ndani, nikavaa hedifoni. Mmmmmmm. Sikurudi kumwambia kitu. Nilikasirika zaidi kwa kuwa si yeye.

Jumanne nilijaribu programu ya kusafisha sauti. Iliuondoa mvumo, sikatai, ila na mkwaruzo wa mama ukaenda nao, akabaki kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Nilimwekea asikilize. "Huyu nani?" akauliza. Nikafuta yote. Mchana kutwa nikawa nafokea nyaya, na mama, aliyekuwa amenyamaza kutunza koo, akawa ananitazama kupitia mlangoni huku akikunja nguo zangu ambazo sikumwomba azikunje.

Jumatano ndiyo iliyonimaliza. Katika kuhangaika niliichomoa chaja ya kompyuta, na mvumo ukakatika. Kimya! Haki ya Mungu nilitaka kulia. Tatizo ni kwamba betri ya kompyuta hiyo ni kikongwe, haina pumzi, lakini nikasema potelea mbali, itatufikisha. "Mama, sema sasa, sema haraka!" Naye siku hiyo hakusema matangazo. Alianza kusimulia siku soko lilipoungua, jinsi alivyobaki kibandani akiwaelekeza watu mlango wa kutokea, moshi ukipanda kupitia nyufa za mbao, na meneja akimvuta mguu ashuke. Miaka yote nimesikia kwa watu kwamba alibaki. Yeye mwenyewe hakuwahi kunisimulia. Alikuwa amefika pale moshi ulipoufunika mlango wa wauza samaki, akiwaambia watu waifuate sauti yake, kompyuta ikazima. Nyeusi tii. Nilipoiwasha tena, hakuna kilichohifadhiwa.

"Imeingia?" akauliza.

"Haikuingia, mama."

Akafungua mdomo arudie. Ikatoka hewa. Akajaribu tena, ikatoka hewa, akajishika koo, akanifanyia ishara ya mkono kwamba basi, kesho. Nikaipiga meza ngumi hadi mkono ukavimba. Nilimlaani daktari, betri, Profesa, na umeme wenyewe tangu ulipogunduliwa.

Nilipokuwa naichomeka chaja kwa hasira, kiganja changu kikagusa mfuniko wa chuma wa kompyuta. Ukanitekenya, kama sisimizi wanapita chini ya ngozi. Nilikuwa nimeshausikia mtekenyo ule tangu Jumatatu nikaupuuza. Hedifoni zilikuwa bado masikioni, mvumo umerudi. Kwa mkono mwingine nikaushika mkono wa chuma wa maikrofoni, na mvumo ukafifia. Nikaachia, ukarudi. Nikashika, ukafifia. Nilikuwa mjinga wa mwisho! Umeme unaovuja unatafuta pa kwenda, na pa kwenda hapapo, kwa hiyo unapita kwenye mashine zangu, na mimi nikizishika unapata kanjia kadogo kupitia mwilini mwangu. Kila nyumba ina chuma cha shaba kilichozamishwa ardhini, na waya wa kijani na njano unaoshuka kutoka kwenye soketi, kwa kazi hiyo tu. Changu kiko nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba hichohicho.

Nikazunguka nyuma. Palikuwa na shimo. Shimo jembamba, na kipande cha waya kimekatwa ukutani.

Loo! Shaba! Na nani mtaa huu anayeshughulika na vyuma? Sikufikiri mara mbili, na mara moja sina hakika. Nilitoka pekupeku hadi kwenye lango la Cheche, wateja wake wamesimama, mama mwenye mtoto mgongoni, dereva wa lori, na nikamtolea uvivu kwa sauti niliyorithi bila kipaza sauti.

"Mwizi wewe! Unang'oa shaba kwenye ua wa mgonjwa! Unajifanya kuzima mashine, kumbe umeshatuuza!"

Cheche akainua kinyago polepole. "Jirani, angalia unachosema. Kuna watu hapa."

"Na wakusikie! Leo utakitoa hicho chuma, utake usitake!"

"Mimi sijawahi kuingia uani kwako."

"Basi kimetembea chenyewe?"

Hapo tukasikia makofi. Pa, pa, pa. Mama alikuwa amesimama langoni kwangu, amejifunga khanga kiunoni, anapiga makofi kwa sababu hakuwa na sauti ya kuniita. Aliponiona nimegeuka, akanyoosha kidole nyuma yake, uani.

Nikaangalia. Kamba ya nguo ilikuwa imenyooka vizuri, mashuka yangu mawili yanapepea, na katikati imeinuliwa na chuma kirefu, chekundu, kimechomekwa kidogo tu kwenye udongo. Kile kibano cha juu, kilichokuwa kimeshika waya, kilikuwa kimeshika kamba. Kisha macho yakashuka hadi kwenye mkono wa mama, uliokuwa umeegemea lango, pale kwenye bawaba. Waya wa kijani na njano. Nimelifungua na kulifunga lango lile kila siku iendayo kwa Mungu.

Mama akanong'ona, "Kilikuwa kimekaa bure."

Jamani. Nilikosa pa kushika. Baadaye nilielezwa kwa vipande kwamba kilikuwa kinatikisika, yule fundi aliyefunga umeme wa nyumba alikipigilia nusu akaenda zake, mama akawa anamwaga hapo maji ya kufulia kila siku hadi ardhi ikalegea, akakivuta. Waya aliukata kwa mkasi wangu wa jikoni. Kama umeme ungekuwa unapita humo siku hiyo, ningemzika mama akiwa na sauti yake yote. Hasira zikanipanda upya, safari hii kwake, mbele ya watu.

"Mama umeniua! Siku zote hizi nakwambia sema tena, sema tena, sauti yako yote nimeimalizia kwenye majaribio, kumbe wewe ndiye..."

Akaninyamazisha kwa kidole. "Uliniambia kina kazi gani?" akanong'ona. "Hukuniambia. Kwako vitu vinakaa tu, havisemi."

Cheche alikuwa ametufuata, na wateja wake nyuma yake, maana nani angekosa. Akakitazama chuma, akayatazama mashuka. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na dereva wa lori akacheka hadi akakaa chini.

"Haya, nisamehe," nikamwambia Cheche kwa meno yaliyofungwa.

"Hapana. Umenitangaza mwizi kwa sauti, mtaa mzima umesikia. Nitangaze tena kwa sauti hiyohiyo."

Niliona haya mpaka kwenye nyayo. Lakini haki ni haki, na mama alikuwa ananiangalia. Nikasimama katikati ya njia. "Tangazo, tangazo. Chuma kilichopotea kimepatikana. Hakikuibwa. Cheche si mwizi, ni mimi niliyetanguliza mdomo. Ahsanteni. Endeleeni na shughuli zenu." Watu wakapiga vigelegele. Mama alikuwa anacheka bila mlio, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Nikaona jinsi atakavyokuwa anacheka kuanzia Ijumaa, nikaenda kuanua mashuka.

Nikazima swichi kuu. Cheche akaleta nyundo yake kubwa akakipigilia kile chuma mpaka chote kikazama, kikabaki kichwa, huku mama akimwelekeza kwa kidole palipopinda. Tukaurudisha waya, tukaukaza. Lango likaning'inia tena. Nilipowasha, nikavaa hedifoni. Hakuna kitu. Nilisikia mate yangu nikiyameza.

Alhamisi asubuhi mama akakaa kwenye kiti. Mchana alitakiwa awe ameshalazwa. Alikunywa maji ya uvuguvugu, akasafisha koo, na kilichotoka hakikuwa ile sauti ya soko. Zilikuwa nyuzi zake. Siku ya moto hakuiweza. Aliijaribu sentensi ya kwanza, akatikisa kichwa, nami nikauma midomo nisiseme "sema tena." Akapumzika. Halafu akakaa wima, kama alivyokaa kibandani, akasogea karibu na maikrofoni.

"Tangazo," akasema. Akavuta pumzi. "Kuna mama mmoja, kesho anaachwa na sauti yake. Hajapotea. Mtoto wake mwenye hasira asimtafute huku na huku, asigombane na majirani. Mama yupo. Ahsanteni." Pumzi nyingine. "Endeleeni na shughuli zenu."

Nilishindwa kumtazama. Nikavua hedifoni.

"Umezima?" akauliza.

"Nimezima."

Nilimdanganya. Nikasema naenda kumletea maji, nikatoka, nikasimama jikoni nikiushika mtungi na kuuachia hadi nilipoona naweza kurudi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Sasa yuko hapa, ana kitambaa shingoni, na siku nzima ananyoosha kidole kwenye kamba ya nguo, ambayo imelegea tena, mashuka yanafagia vumbi. Nikimwambia nitatafuta nguzo, ananitazama kama mtu anayejua hatatafutiwa. Tunagombana kwa ishara. Ananishinda vilevile.

Rekodi ile sikuwa na ubavu wa kuisikiliza mpaka juzi. Tangazo likaisha, nikajisikia nikisema nimezima, mlango ukafungwa. Kimya. Nikakaribia kukata kipande cha mwisho, maana ndiyo kazi yangu, kukata kimya kisicho na maana. Ndipo nikamsikia. Sauti ndogo, ya chini mno, ambayo ule mvumo ungeimeza yote.

"Siku ile umepotea," alisema, "kitufe nilikibana kwa mikono miwili. Mmoja ulikuwa unatetemeka, haukuweza."

Kisha kiti kikalia, akawa anainuka. Nimejiuliza kama alidhani anajisemea. Lakini yule ni mtu aliyekaa mbele ya kipaza sauti maisha yake yote. Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka mbele ya macho yake, na alijua kabisa kilikuwa hakijazimwa.